Njia ya Hajja Kwenda Kisimani

Wasichana wanaojiandaa kwenda Saudia hupitia kwangu Mwatate siku za Jumamosi, na karibu wote huanza na maswali yale yale: mshahara, na kama madam ataruhusu simu. Huwa nawapa chai kwanza. Hayo mawili watayajua wakifika, na hata nikiwaambia hawataniamini. Mwalimu wao ndiye aliyeniomba niandike kuhusu kazi yenyewe, kazi ya kutunza mtu mzee katika nyumba ya watu, kwa sababu darasani wanafundishwa kutumia mashine ya kufulia na kusema "naam", halafu wanapewa cheti. Nimekubali. Nimestaafu juzi tu, na magoti yangu bado huamka alfajiri yakidhani kuna mtu wa kuinuliwa kitandani.

Nilikwenda miaka ile ambayo mawakala walikuwa kila kona, na kila ukoo ulikuwa na binti aliyekwenda au anayengoja viza. Mimi sikuwa binti. Nilikuwa mama wa Mghoi, na baba yake Mghoi alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi akapata mke. Nilimwacha mtoto kwa mama yangu, nikajikaza, nikapanda ndege.

Siku ya kwanza Riyadh nilikaa uwanjani na wanawake wenzangu tukingoja kuchukuliwa, kila mmoja na kafili wake, yaani mwajiri ambaye jina lake ndilo linaloshikilia karatasi zako zote. Wangu alikuja jioni. Tulimwita Baba Sami, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka, na pasipoti yangu iliingia mfukoni mwake kabla hajaniuliza jina. Jina langu ni Mkawasi. Alijaribu mara mbili, akashindwa, tukaelewana kwa Kawasi.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Malaz, orofa ya tatu, jengo la zamani lenye lifti iliyokuwa ikifanya kazi ikitaka. Humo ndani nilimkuta Mwanaisha wa Kwale, aliyekuwa amemaliza mkataba wake na kubakizwa muda kidogo tu anifundishe. Kila nilichokijua baadaye kilianza na yeye. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzazi wa Baba Sami, ambaye nyumba nzima ilimwita Hajja. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye pete pana ya fedha iliyokuwa imegoma kutoka kidoleni, na miguu isiyomtii.

Asubuhi ya kwanza niliingia kumwinua kwa kumshika kwapani. Mwanaisha alinipiga kofi mkononi.

"We Mtaita, unabeba gunia? Utamtoa bega, na hilo bega litakuwa kesi yako."

Akatoa leso yake, akaikunja mara mbili kwa urefu, akamzungusha Hajja kiunoni, akakamata ncha zote mbili karibu na mwili wake mwenyewe. Kisha akarudi nyuma taratibu, na Hajja akasimama kama mtu aliyeamua mwenyewe kusimama. Hospitalini baadaye niliona mikanda ya kazi hiyo, yenye vifungo na maandishi. Sikuona ilichozidi leso. Nendeni na leso mbili, moja ya kuvaa na moja ya kazi, na ya kazi iwe kuukuu, mpya huteleza.

Fundisho la pili lilikuwa njia. Hajja alikuwa wa watu wa zamani, hakutaka kukutana na mwanamume asiye wake akiwa hajajifunika sawasawa, na kwa mikono yake ile kujifunika kulichukua muda. Kwa hiyo kabla hajatoka mlangoni, mtumishi hutangulia koridoni na ngazini, anaita "Tarik! Tarik!", yaani njia, njia. Wanaume wakisikia hujiondoa, majirani hurudisha milango yao, na mama wa watu anapita kwa heshima yake. Mwanaisha alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Mimi mwanzo niliita kwa aibu, bawabu akacheka. Baada ya muda niliita mpaka paka wakajificha.

Fundisho la tatu lilikuwa la kutoonekana. Wageni wakija, weka kahawa, toa vikombe, usiwe na uso. "Wakikumbuka sura yako umefanya kazi vibaya," Mwanaisha alisema. Nilidhani anatania. Siku aliyoondoka alinikumbatia jikoni, madam, mke wa Baba Sami, akaita "Yalla, gari liko chini," na nyumba ikabaki bila mtu wa kuzungumza Kiswahili isipokuwa mimi na vyombo.

Sitaki kuwatisha. Sikupigwa, sikunyimwa chakula, na wako waliopata makubwa kuliko hayo. Lakini upweke ule sijui niueleze vipi. Ni kuzungukwa na watu siku nzima na jioni ukagundua hujasema sentensi moja iliyo yako. Umesema hadir, yaani nipo tayari, umesema sawa, umesema halas, imekwisha. Nilikuwa nikifungua bomba la jikoni nijisemeshe Kidawida cha kwetu kidogo, kuhakikisha bado kipo.

Kisha mama yangu akafa. Simu ilikuja mchana, nikiwa nakata bamia. Kaka yangu alisema wanazika Alhamisi, na kwamba Mghoi atakaa kwake. Kwenda hakukuwezekana, ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, haikuwa tayari, na bila ikama hakuna kibali cha kutoka. Madam alisema pole, na aliisema vizuri, akanishika bega. Kisha akasema, "Kawasi, shemeji zangu wanakuja saa kumi, kabsa iwe tayari." Nikaosha mchele, maana kabsa ni wali wao wa nyama. Ningefanya nini?

Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na jiko, mgongo ukutani, mchele ukitokota, niliposikia vile viatu vya Hajja vikiburuzwa. Alikuwa amejitoa kitandani peke yake, akishika kuta. Sijui ni nani aliyemwambia. Alivua viatu mlangoni, akajishusha sakafuni kipande kipande mpaka akakaa kando yangu, bega kwa bega. Akaanza kusema. Kiarabu changu kilikuwa kimeshapata miguu wakati ule, na hicho hakikuwa Kiarabu. Ilikuwa lugha nyingine kabisa, sijawahi kuisikia, na aliisema polepole kama mtu anayefungua sanduku lililokaa miaka. Nikamjibu kwa Kidawida. Nilimwambia mama yangu alikuwa nani, alilima nini, alivyocheka. Naye akaendelea na yake. Hakuna aliyeelewa neno la mwenzake. Tulikaa hivyo mpaka mchele ukashika chini ya sufuria, na siku hiyo wageni walikula kabsa yenye harufu ya moshi wakanyamaza.

Tangu siku hiyo tukawa na mazungumzo yetu. Mbele za watu tulisema Kiarabu. Tukiwa wawili, wakati wa kumkanda miguu, kila mmoja alisema lugha ya kwao. Watoto wa nyumba walicheka, wakasema Kawasi na Hajja wameingiwa na wazimu.

Mume wa Hajja, babake Baba Sami, alikuwa hai siku hizo, mzee wa Jeddah aliyependa redio. Alipofariki, Baba Sami aliomba uhamisho wa kazi, tukahamia nyumba yao ya ukoo huko Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Hajja akakaa eda yake humo. Na hapo ndipo kazi ngumu kuliko zote nilizopata ilipoanza, kwa sababu eda iliisha na Hajja hakutoka.

Alitaka mavazi meupe tu. Aliacha nyama. Hakukubali kuvuka kizingiti cha chumba chake, hata kwenda sebuleni. Mgeni akija kumwamkia alifunika uso, akageukia ukutani. Na Kiarabu chake kikawa kinamtoka siku hadi siku, mpaka nyumba nzima ikawa haimwelewi, maana ile lugha nyingine hawakuijua hata wanawe. Daktari alisema ni uzee, kwamba maneno yaliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka. Madam alilia. Baba Sami alikuwa akikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akimsikiliza mama yake kama mtu anayesikiliza habari za nchi asiyoijua.

Siku moja aliniita. "Kawasi, wewe huzungumza naye. Anasema nini?"

"Mimi sijui, Baba. Mimi husema yangu tu."

Alicheka kidogo, kwa huzuni. Ndipo akanieleza. Hajja hakuzaliwa Saudia. Alizaliwa Siwa, mji wa visima na mitende katikati ya jangwa la Misri, karibu na Libya, ambako watu ni Waamazighi, wale ambao wengine huwaita Waberberi, wenye lugha yao na mila zao. Alikuja Hija na mjomba wake akiwa mwanamke kijana, akaolewa Jeddah, hakurudi tena. Baba Sami hakujua kwa nini. Kila walipomuuliza utotoni alisema, "Kule kuna milango mingi," akabadilisha mazungumzo.

Baba Sami akatafuta, akapata namba ya binti wa kaka yake Hajja, mwanamke aitwaye Zahra. Akaweka simu sikioni kwa mama yake. Hajja akasikiliza. Akauliza kitu, akajibiwa, na machozi yakaanza kushuka bila uso kubadilika. Zahra alipozungumza na Baba Sami kwa Kiarabu, alisema Hajja anaomba aletwe akaoge kwenye kisima cha kwao. Hilo tu. Alitaka kwao, na alitaka kufika kabla hajasahau ni wapi anakotaka kwenda.

Basi tukasafiri, Baba Sami, Hajja na mimi. Kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah nilikabidhiwa pasipoti yangu niipitishe dirishani. Nilitazama picha ile ya mwanamke mnene kidogo, mwenye matumaini, nikamsikitikia. Upande wa pili Baba Sami alinyoosha mkono, nikairudisha.

Kutoka Iskandaria ni gari, bahari kulia kwa saa nyingi, kisha unakata kushoto na hapo dunia inaisha. Nimetoka vilima vya Taita, nimezoea kuinua macho nikaona kitu. Kule hakuna. Hajja alikuwa amelala begani mwangu mavazi yake meupe yakiwa yamejaa vumbi, na mimi niliwaza kwamba hakuna mtu hata mmoja duniani anayejua mahali nilipo isipokuwa hawa wawili, na mmoja wao amelala. Kisha barabara ikashuka na chini yetu kukawa kijani. Mitende isiyohesabika, mizeituni, maziwa ya chumvi yanayong'aa, na juu ya kilima magofu ya mji wa kale uliojengwa kwa udongo wa chumvi, ukuta juu ya ukuta, uliolainishwa na mvua. Hajja akafumbua macho. Alinusa hewa, akanikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Wanawake wa Siwa sikuwaona barabarani, niliona mashuka. Vitambaa vipana vya rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, vimetariziwa, vimemfunika mtu mzima pamoja na uso, vikiwa vimekaa nyuma ya mikokoteni ya punda. Lakini ndani ya nyumba ya Zahra mashuka yalitundikwa ukutani, na chini yake walikuwa wanawake wa kawaida, wenye kelele, wakigombania nani amlishe Hajja. Nilikwenda zangu jikoni nikaanza kusuuza vikombe. Zahra alinifuata. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na Kiarabu alikisema polepole kwangu kwa sababu hata kwake kilikuwa lugha ya shule.

"Unafanya nini?"

"Kazi, madam."

"Mimi si madam. Mgeni akiosha vyombo kwangu, majirani watasema nini?" Akanishika kifundo cha mkono, akanikalisha mkekani, mbele ya sinia moja na wengine. Nilikula kwa shida. Miaka ilikuwa imepita sijala nikitazamwa. Nilikuwa nameza tende bila kutafuna.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kisima. Hakikuwa mbali, njia ya mchanga kati ya kuta za udongo, yenye milango ya mbao huku na huku, kisha bustani, kisha maji. Kiti cha magurudumu kisingepita. Nilimfunga Hajja leso kiunoni, Zahra akamshika upande mmoja. Habari ilikuwa imeenea, nikaona vichwa vya wanaume kwenye kona na watoto juu ya ukuta. Nikaona Hajja hajajifunika vizuri, shuka jipya la Siwa limemshinda. Nikafanya nilichofundishwa Malaz, nilichokifanya kila siku ya kazi yangu. Nikampa Zahra ncha zote za leso, nikatangulia mbele, nikapaza sauti.

"Tarik! Tarik!"

Sauti yangu ilikuwa nzuri wakati huo. Wanaume walitoweka. Watoto walishushwa ukutani. Milango ikarudishwa mmoja baada ya mwingine, pande zote mbili, tap, tap, tap, na njia ikabaki tupu na safi mpaka kwenye mitende. Niligeuka nikiwa nimeridhika na kazi yangu.

Hajja alikuwa amesimama. Alikuwa akiitazama ile milango. Kisha akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na miguu ikamwachia. Zahra peke yake hakuweza kumshikilia. Tulimwinua tukamrudisha ndani, akageukia ukutani, akakataa maji, akakataa mkono wangu.

Baba Sami alikuwa amesimama uani. "Tumemleta kufa," alisema.

Zahra alinivuta pembeni. Hakunikasirikia, na hilo lilinichoma zaidi. Alinieleza mambo ambayo yeye mwenyewe aliyasikia kwa nyanya zake, kwa sababu mila ile ilikuwa imekufa kabla hajapata akili. Zamani Siwa, mwanamke akifiwa na mume aliitwa ghula. Ni kama zimwi. Watu waliamini kwamba jicho lake limebeba mauti, kwamba atakayekutana na macho yake atapatwa na baya. Alivishwa nguo nyeupe, akafungiwa ndani, akanyimwa nyama. Siku zake zikiisha alitoka kwenda kuoga kisimani ili awe mtu tena, na kabla hajatoka mpiga mbiu alitangulia njiani akiwaonya watu wajifungie. Milango yote ilifungwa. Alitembea peke yake mpaka majini.

"Shangazi aliolewa hapa kabla ya kwenda Hijazi," Zahra alisema. "Mume alikufa wangali vijana. Alitembea njia hii hii."

Nikaelewa. Alikuwa amerudi kutoka mbali kote kule aoge mara ya pili, na mimi nikamtangulia kama mpiga mbiu.

Niliketi kwenye ngazi za ua ule nikalia, sikujificha bombani. Nililia kwa ajili yake na kwa ajili yangu pia, kwa kila korido niliyoifagia watu kwa sauti yangu, na kila sebule niliyopita bila uso. Tulikuwa na siku mbili tu zilizobaki, ruhusa ya Baba Sami kazini ilikuwa inaisha. Na Hajja alikuwa ukutani.

Zahra aliniacha nimalize. Kisha akachukua shuka lake. "Twende."

"Wapi?"

"Nyumba hadi nyumba. Wewe uliwafungisha, wewe utawafungulisha. Mimi nitatafsiri."

Tukaenda. Sijui kama mmewahi kugonga milango ya watu msiowajua, mkiwa weusi wa kwanza kuingia nyua zile, mkaomba jambo kwa lugha ya tatu. Niliwaambia kila mlango maneno yale yale: kuna mama atapita hapa asubuhi, naomba msirudishe mlango. Wengine walielewa mara moja, wakashika vinywa. Msichana mmoja hakuwahi hata kusikia kwamba kulikuwa na mila hiyo, akamgombeza Zahra kana kwamba ndiye aliyeianzisha. Mzee mmoja mwanamume alisikiliza nyuma ya pazia, akasema wanaume watakaa bustanini, lakini wake na dada zao watakuwa milangoni. Nyumba mbili hazikutufungulia. Ndivyo watu walivyo.

Usiku ule nilikaa sakafuni kando ya Hajja nikasema Kidawida. Nilimweleza yote, kwamba sikujua. Hakugeuka, lakini mkono wake wenye pete ulikuja nyuma ukanitafuta.

Asubuhi Zahra alinipa amri moja. "Leo usitangulie. Wala usikae nyuma. Kaa kando yake."

Ni jambo dogo, lakini mwili wangu haukujua jinsi ya kulifanya. Kila hatua mguu wangu ulitaka kurudi nyuma. Hajja alitoka akiwa ameinamisha macho. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi, na ndani yake alisimama mwanamke na binti zake watatu, uso wazi, wakasema jina lake. Si Hajja. Jina lake la usichana, ambalo sikuwa nimelisikia hata mara moja katika miaka yote ile. Akainua kichwa. Mlango wa pili, jina lile lile. Wa tatu. Alianza kuwajibu, kwanza kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya mtu anayepita mtaani kwake.

Kwenye mlango wa mwisho kabla ya bustani alikuwepo kikongwe, amekalishwa kwenye kiti nje kabisa, njiani, tukawa hatuna budi kusimama. Alimshika Hajja mikono yote miwili, akamtazama machoni muda mrefu, kwa makusudi. Alisema maneno machache. Hajja alicheka huku analia. Zahra alinitafsiria: "Anasema, siku ile mama alinifungia ndani, nikachungulia kwenye tundu la ukuta. Nilikuona. Nilitaka kukuamkia, nikaogopa. Hujambo?"

Kisimani tulimwogesha mimi na Zahra. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yakitoa mapovu madogo kutoka chini. Yale mavazi meupe tuliyaacha kwenye mti, na Hajja akarudi amevaa gauni la rangi ya machungwa la mmoja wa wale binti, likiwa refu kupita miguu yake. Mchana alikula nyama.

Tulirudi Jeddah. Kuna vitabu ambavyo vingesema akapona. Hakupona. Kiarabu kilimwisha kabisa na mwishowe hakunijua jina. Lakini alikaa sebuleni na watu, mlango wazi, na hakugeukia ukutani tena. Alifariki kwa utulivu, asubuhi, nikimkanda miguu.

Sasa hili ndilo nililotaka wasichana wa Jumamosi walijue, na huwa nashindwa kuwaambia mbele ya chai. Siku ya msiba nyumba ile ya Al-Safa ilijaa. Wanawake sebuleni, wanaume uani, na kila aliyeingia alimpa madam pole, akawapa watoto pole, akachukua kahawa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyemfumba macho Hajja. Mimi ndiye niliyeujua mwili wake kuliko wote waliokuwemo. Lakini nilikuwa nimefundishwa kazi vizuri, na hakuna aliyekumbuka sura yangu. Siwalaumu. Nilijaza mabirika, nikapanga tende, na kazi ilipotulia nikakaa sakafuni kando ya jiko, mgongo ukutani. Pembeni yangu palikuwa pamebaki nafasi.

Baba Sami aliingia jikoni, macho mekundu, ameshika simu. "Wanapiga kutoka Siwa," alisema. "Wamenipa pole, sasa wanakutaka wewe." Akanipa, akarudi kwa wageni wake.

Ilikuwa sauti ya Zahra. "Kawasi. Tumekaa nje, mbele ya mlango. Njia nzima imekuja." Nilisikia kelele za wanawake nyuma yake. "Tumewaambia watu kwamba ana binti mwingine huko. Nani amekaa nawe?"

Nilitazama jiko. Mabirika, sinia, ndoo ya maganda.

"Hakuna," nikasema.

"Basi usikate simu."

Nikasikia simu ikiwekwa chini mkekani, katikati yao. Walikuwa wakizungumza, mmoja akipokea maneno ya mwingine, wengine wakilia, mwingine akicheka kitu alichokikumbuka, lugha ile ile niliyokuwa nikiambiwa kila jioni wakati wa kukanda miguu, na mpaka leo sijui neno lake hata moja. Niliweka simu sakafuni kando yangu, mahali ambapo Hajja angekaa. Kisha nikaanza kuwajibu kwa Kidawida.